Kipengele cha Saba

Walinichagua kwa sababu ya upole wangu. Ndivyo Élysée, niliyekaa naye chumba kimoja, alivyoninadi bweni zima la chuo kikuu pale Braamfontein mwaka 2012: Bertrand hana makelele, wakubwa watamsikiliza. Nikapata kiti cha mwanafunzi kwenye kamati ya mabweni, na baba yangu, kinyozi wa mtaa wa La Rochelle mjini humo humo, akaninunulia tai.

Kisha ikaja ajenda. Kipengele cha saba kilisema chumba atapewa tu mwenye karatasi za ukaazi zinazofika mwisho wa mwaka. Mimi nina za kudumu. Élysée, Mrundi mwenzangu, ni mkimbizi. Zake hugongwa muhuri upya kila miezi sita, na mji huu hana ndugu.

"Utaongea, hein?" aliniuliza. Nikamwambia nitaongea.

Asubuhi ya kikao baba alinikumbusha adabu: mbele ya wakubwa mtoto husubiri apewe neno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaitikia, mjinga mimi.

Walinipokea vizuri mno. Chai, biskuti, karatasi ya mahudhurio niweke sahihi. Vipengele sita vilipita bila mtu kuinua kichwa. Kwenye cha saba mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno, akanitabasamia. Nilijua sasa ataniita kwa jina. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nimeyakariri tangu Jumapili. Nikasubiri. Akafunua ukurasa.

Mlangoni Dakta Mureithi, mhadhiri Mkenya aliyekuwa mle kikaoni, alinivuta pembeni. "Kijana, hapa hakuna mtu wa kukupatia ruhusa. Ukinyamaza, umekubali."

Nikamuuliza mbona naye alinyamaza. Akasema alidhani neno lile ni langu.

Nilimwandikia mwenyekiti mara mbili. Alijibu kwa upole kwamba jambo limeshapita.

Ijumaa nilimkuta Élysée anakunja blanketi, godoro liko tupu. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alinipa barua niisome kwa sauti, nikasoma hadi mwisho: uamuzi umefikiwa bila pingamizi, mwakilishi wa wanafunzi akiwepo.

"Ulikuwepo?" aliuliza.

"Nilikuwepo."

Akajitwika begi. Nilitaka kumwomba msamaha, moyo ukiniuma kwelikweli. Nikasubiri kwanza anitazame. Akatoka.