Kikombe Alichokichagua Nkeshimana

Lyse alichanika mdomo asubuhi moja akinywa uji. Kopo walilonywea wote watatu, yeye na baba na mama yake, lilikuwa la mafuta ya kupikia, limekatwa juu kwa kisu na ukingo wake kugongwagongwa kwa jiwe ili ulale. Siku hiyo kipande kidogo cha bati kilikuwa kimeinuka tena. Mtoto hakulia sana. Alilamba damu, akalirudisha kopo, akasema baba amalizie.

Nkeshimana, mama yake, alimpangusa kwa pindo la kitenge. Kisha akaurudisha uji sufuriani, akalitazama lile kopo, akaamua kwamba halitaingia tena kinywani mwa mtu wa nyumba yake.

Walikuwa hawajamaliza hata mwezi tangu wavuke kutoka Burundi. Mwaka ulikuwa 1996, unaelekea ukingoni, mvua zimeshaanza, na kambi waliyowekwa ilikuwa ya muda tu, kwenye mwinuko juu ya ziwa. Kutoka hapo mtu aliweza kwenda Ujiji kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Nyumba zilikuwa za fito na maturubai. Kila mtu alisema hawatakaa, na aliyelisema hilo kuliko wote ni Barutwanayo, mume wa Nkeshimana. Alikuwa ameacha kahawa yake kwenye vilima vya Makamba, na kahawa, alisema, haimngojei mtu. Ikianza kuiva, yeye atakuwa kwao anachuma. Kila jioni aliteremka ufukweni kuwauliza waliofika kwa mitumbwi hali ya njia.

Nkeshimana hakubishana naye. Alipopata ruhusa ya kutoka alikwenda sokoni Ujiji, na fedha alizopata kwa kuuza kitenge chake kizuri alizifunga kwenye ncha ya nguo. Alijua anachotaka. Walipokuwa wakikimbia alibeba vikombe vizito vya udongo alivyopewa siku ya harusi, na siku ya pili ya safari alivitupa kimoja kimoja njiani kwa sababu Lyse alichoka na ilibidi abebwe. Hakutaka tena chombo cha kumfanya achague kati ya chombo na mtoto.

Muuzaji wa vyombo aliitwa Pastory, kijana mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alimpa kwanza kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Nkeshimana alimwomba mama aliyeuza chai hapo jirani akijaze chai ya moto. Alipokigusisha mdomoni alikirudisha haraka. Akamwonyesha Pastory chini ya mkono wa kikombe, pale rangi ilipobanduka na kutu ikaanza kuingia. Pastory akaleta cha plastiki, chekundu, chepesi kama ganda la yai. Hicho uzito wake ulimpendeza. Lakini chai ilipoingia kililegea, na ile chai ikanuka kitu kisichokuwa majani wala sukari. Isitoshe alivijua vikombe hivyo. Kambini vilipasuka upesi, vikatupwa nyuma ya majiko, na jioni watu walipovichoma moshi wake uliwakohoza watoto. Visivyochomwa vilisombwa na mvua hadi ziwani, vikawa vinaelea pale pale wanawake walipochota maji.

Pastory alimuuliza, bila hasira, anatafuta kikombe cha namna gani basi.

"Natafuta kikombe nitakachokifunga kiunoni nikakimbia nacho," alisema Nkeshimana. "Na nikifika ninakokwenda, nimtilie mgeni uji wa moto na asiungue. Nikikiona nitakijua."

Pastory alisema kikombe hicho akikipata amletee na yeye. Nkeshimana akanywa chai zake zote mbili, akamlipa yule mama, akarudi kambini mikono mitupu na hana wasiwasi hata kidogo.

Alikiona juma lililofuata, na hakikuwa dukani. Yeye na wanawake wengine wa kambini walikuwa wakienda kulima vibarua kwenye mashamba yaliyo upande wa Mwandiga. Shamba alilopalilia lilikuwa la mama mmoja Mha aitwaye Marcelina, mtu mzima, mwenye sauti ya chini, anayelima pamoja na vibarua wake. Jua lilipopanda Marcelina aliwaita kivulini, akachota uji uliokuwa unatoka moshi, akampa kila mmoja.

Nkeshimana alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akatazamia joto. Hakulisikia. Ilikuwa nusu ya kibuyu kidogo, shingo yake imeachwa iwe mkono wa kushikia, na ndani kimekwanguliwa hadi kikawa laini kama ngozi ya sikio. Alikunywa. Ukingo haukumuunguza wala haukumchana. Alipomaliza alikiweka kiganjani, na ilikuwa kama hajashika kitu.

Kwao vilikuwepo. Bibi yake alikuwa navyo vingi, vimetundikwa ukutani vikaiva kwa moshi, lakini hivyo vilikuwa vya bibi. Yeye na wenzake walipoolewa walitaka vya dukani.

"Shikamoo tena, mama," alimwambia Marcelina, na wale wanawake wakacheka. "Hiki mnakiitaje?"

Marcelina alimwambia, na Nkeshimana akamwambia jina lake kwa Kirundi, uruho. Maneno yalikuwa ndugu, kama walivyokuwa wakielewana katika mambo mengi bila kumwomba mtu atafsiri. Nkeshimana alitaka kununua. Marcelina alisema hivyo alivyonavyo ni vya nyumbani, havitoshi, ila mbegu anazo, na mvua ndiyo kwanza imeanza. Vikipandwa sasa, vitakauka mvua zitakapokwisha.

"Una subira?" alimuuliza.

"Ninayo," alisema Nkeshimana.

Jioni hiyo alirudi na mbegu, akaanza kuchimba mashimo kando ya ua, nyuma ya turubai lao. Barutwanayo alirudi kutoka ufukweni akamkuta amepiga magoti kwenye udongo. Aliuliza anapanda nini. Alipoambiwa aliyahesabu yale mashimo kwa kidole.

"Maharage ningeelewa," alisema. "Mboga ningeelewa. Lakini kibuyu? Mtu akipanda kitu cha kungoja mpaka kiangazi, anamwambia Mungu kwamba hapa pametutosha."

Nkeshimana alifukia shimo alilokuwa nalo kabla ya kujibu.

"Mimi sijamwambia Mungu kitu. Mtoto wangu amechanika mdomo. Tukirudi kabla havijakomaa, tutakuwa tumerudi, na nani atalilia kibuyu siku hiyo? Atakayelala hapa baada yetu atavinywea. Na tusiporudi, Baba Lyse, nitakuwa na kikombe."

Barutwanayo aliingia ndani. Siku zile hawakugombana kwa sauti, maana maturubai hayakuzuia maneno, lakini kwa majuma kadhaa hakugeuza uso kuelekea ule ua. Mbegu zilichipua. Mashina yalitambaa, yakapanda fito, yakafika juu ya paa. Maua yake meupe yalifunguka jua likizama. Majirani wengine walimtania Nkeshimana kwamba anajenga Makamba nyingine. Wengine walimwomba mbegu, naye aliwapa, akawaonyesha namna ya kuupeleka mche juu ya kichanja ili matunda yaning'inie na shingo zinyooke. Hakuwaomba ushauri waliomcheka, wala hakuwanunia.

Kwa kuwa vibuyu vilikuwa bado havijakomaa, aliazima viwili vya plastiki kwa jirani, akamkataza Lyse kuvitilia kitu cha moto. Kopo aliligeuza likawa la kuwashia mkaa.

Usiku mmoja upepo wa ziwani ulivuma na mvua kubwa. Nkeshimana alikuwa na homa, hakuweza kuinuka. Kulipopambazuka alitoka akiwa amejifunga blanketi, akitarajia kuvikuta vibuyu chini. Kichanja kilikuwa kimeanguka upande mmoja, kweli. Lakini Barutwanayo alikuwa pale, ameloa hadi mgongoni, amekwishasimamisha nguzo mbili mpya na sasa anafunga kila tunda kwa kamba ya mgomba, moja moja, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea miche. Hakumtazama mkewe. Alisema tu kwamba fito za mwanzo zilikuwa dhaifu, na kwamba mtu akianzisha jambo alianzishe vizuri.

Nkeshimana alirudi kulala. Alikuwa bado anaumwa kichwa, lakini alijikuta anatabasamu peke yake.

Kisha msimu wa kahawa ukafika. Barutwanayo hakuhitaji kuambiwa; aliujua kwa upepo na kwa rangi ya majani vilimani. Siku hizo alishuka ufukweni asubuhi na jioni. Watu waliokuja kwa mitumbwi walikuwa wakija tu. Hakuna aliyekuwa akirudi. Mmoja wao, mtu wa kilima kilekile chao, alimwambia kwamba mashamba ya upande ule yamechomwa, na miti ya kahawa pia.

Alirudi akaketi kwenye jiwe mbele ya turubai. Nkeshimana aliketi karibu naye. Hakumwambia kwamba alijua, maana hakujua. Alikuwa amejiandaa tu. Baada ya muda Barutwanayo aliuliza kama vile vibuyu vimekauka.

"Vile vya juu vimekauka," alisema mkewe. "Ukivitikisa mbegu zinalia."

"Nipe kisu."

Walivikata pamoja, vile vidogo kwa urefu, shingo ikigawanyika kuwa mikono miwili. Barutwanayo alikuwa na mkono mtulivu, hakupasua hata kimoja. Nkeshimana alikwangua ndani kwa kipande cha kombe la ziwani, akavilowesha, akamwaga maji machungu, akavilowesha tena, kisha akavitundika juu ya moshi wa jiko. Uji wa kwanza ulikuwa na uchungu kidogo. Lyse alikunja uso, akamaliza, akaomba tena.

Hazikupita siku nyingi, likaja tangazo. Kambi inafungwa, watu wanapelekwa bara, upande wa Kasulu, kwa malori. Kila mtu abebe furushi moja analoweza kuliinua mwenyewe. Kambi nzima ikawa ya watu wanaopanga na kupangua. Jirani mmoja alikaa kati ya sufuria na mtungi wake hadi jua likazama, hajui ni kipi aache. Nkeshimana alitoboa shingo za vikombe vyake, akapitisha uzi, akajifunga vitatu kiunoni. Vilivyobaki aliwagawia wanawake waliokuwa hawana. Vibuyu ambavyo bado vilikuwa vibichi aliviacha juu ya kichanja, akakaza kamba zilizolegea.

Safari ilikuwa ya vumbi na kusimamasimama. Lori lilipoharibika njiani, wanawake wa kijiji cha karibu walileta ndoo ya maji, na watu wengi hawakuwa na cha kunywea, vyombo vyao vimefungwa chini kabisa ya mizigo. Nkeshimana alivua vile vitatu, vikazunguka lori zima. Mzee mmoja alikishika chake kwa muda baada ya kunywa, akakigeuzageuza, akauliza kimetoka wapi. Barutwanayo ndiye aliyejibu. Alisema mkewe alikipanda, na yeye alijenga kichanja.

Huko bara walipewa kiwanja kwenye mteremko, chenye udongo mwekundu na visiki. Walikaa hapo miaka mingi kuliko walivyothubutu kufikiri, na wakati ulipofika wa kurudi Makamba, Lyse alikuwa msichana mkubwa. Katika miaka hiyo wanawake wengi wa mtaa wao walinywea vikombe vya Nkeshimana. Kilichovunjika kilitupwa shambani pamoja na maganda ya ndizi, na mtu akaja kuomba kingine.

Lakini siku ile ya kwanza walikuwa wamechoka, turubai bado limekunjwa, na Lyse amelala juu ya furushi. Barutwanayo alizunguka kiwanja chote kwa hatua ndefu, akasimama pale jua linapopiga asubuhi, akachomeka fimbo ardhini, akamuuliza mkewe kichanja chake cha vibuyu akijenge upande gani.