Bi Khole Alisema Mawe

Mwaka 2003 serikali ilitaka kuifunika kwa saruji njia yetu ya mawe, ile ya punda, inayopanda mlimani juu ya Nizwa, huku Omani. Miaka nenda miaka rudi napiga kelele mawe yaachwe, nachekwa. Mhandisi alipokuja kutusikiliza, tukakutana chini ya mlima, nikatoa picha yangu ya Hakone, kule Japani.

"Tazameni! Mabwana wa Kijapani na majeshi yao wakipanda mlima huu kwenda Edo, Tokyo ya leo. Matope magotini. Wakatandika mianzi, ikaoza. Wakapanga mawe, na mpaka leo yapo, miaka mia tatu ya mvua! Saruji ya mkandarasi wenu wa hapo jirani Firq itafika Ramadhani?"

Mhandisi akapiga miayo.

Shangazi yangu Bi Khole, magoti mabovu, nyumba yake juu kabisa, aliitaka saruji ili gari limfikishe mlangoni. "Na wanawake wao je, wakipitaje?"

Nami siwezi kuulizwa nisijibu. "Palikuwa na kizuizi, shangazi. Wakipekuliwa mpaka nywele."

"Yarabi! Ndiyo unayotutakia hayo, Amour?"

Watu wakaangua kicheko. Mhandisi akamgeukia yeye, aliyetuzidi sote umri: anataka nini? Bi Khole akikasirika Kiarabu humkimbia. Akaninyooshea kidole.

"Mawe!"

Kila aliyelelewa Unguja kama sisi alijua nimetukanwa: upuuzi mtupu, ndiyo maana yake. Lakini mkalimani alikuwa Shahad, mjukuu wake, mzaliwa wa hapa, Kiswahili chake cha kuokota jikoni.

"Anasema hijara," akamwambia mhandisi kwa Kiarabu. "Anataka mawe."

"Khalas. Bibi keshasema. Yabaki mawe."

Hivyo tu! Hoja zangu zote hazikumtikisa hata kope. Tusi moja, kakubali. Nikaikunja picha yangu, naye akaingia garini.

"Shahad! Nimesema nini mie?"

"Mawe, bibi."

"Mawe gani, mwehu we!"

Gari la mhandisi lilikwishapotea nyuma ya mitende. Bi Khole akanigeukia.

"Umefurahi sasa?"

"Nimefurahi nini? Nilitaka kushinda kwa hoja!"

"Hoja zako kazitie chumvi. Hao mabwana zako wa Japani, mlima wakiupanda kwa miguu?"

"Wakibebwa, shangazi. Kwenye machela."

"Haya. Inama."

Nikainama. Mzito, wallahi.