Kikapu Kisichorudi Kitupu

Nimewahi kuendesha lori kutoka Bukoba hadi Ngara kwa gia ya kurudi nyuma, kwa sababu zile za kwenda mbele zilikuwa zimegoma, na bado nikawakuta wenzangu walioondoka alfajiri wakiwa njiani. Nasema hivi mapema ili ujulikane uzito wa maneno yangu ninapoita kitu ajabu. Lori lile halikunishangaza. Aliyenishangaza ni Umwali, katika chumba changu cha mbele hapa Mbugangari, jirani na mpaka wa Goma, akiwa na kompyuta iliyovunjika kona moja na chupa ya chai isiyofunga vizuri.

Umwali ni binti wa jirani yangu Kalisa. Kalisa alirudi na binti huyo kutoka Uganda, mama wa binti akabaki Mbarara. Umwali alisomea mambo ya kompyuta, akakodi chumba kwangu kwa sababu kwao kila mtu ana redio yake na kila redio ina stesheni yake. Siku ya kwanza nilimuuliza anatengeneza nini humo ndani.

"Programu ya simu, Muzehe. Ya wazazi walioachana. Ili walee mtoto wao bila kuuana."

"Simu itawazuia watu wasiuane?"

"Haitawazuia. Itawapa kazi nyingine ya kufanya."

Nikacheka kidogo tu, maana walioachana walikuwamo ndani ya familia yangu mwenyewe.

Mwanangu Gentil anachomelea milango na mageti karibu na stendi. Aliyekuwa mke wake ni Verediane, mzaliwa wa Goma, anayevusha nyanya na vitunguu mpakani kila siku na hapangiwi bei na mtu. Mahakama iliwatenganisha vizuri sana, ikawagawia hata masufuria. Kilichoshindikana kugawanywa ni Keza, mjukuu wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Ikaamriwa akae wiki kwa baba na wiki kwa mama, na makabidhiano yawe Jumapili baada ya misa, mbele ya duka la dawa.

Mwenye duka aliingiza benchi lake ndani ili watu wasije kukaa kutazama. Walitazama wamesimama.

"Soksi zake ziko wapi?" anauliza Gentil.

"Ulileta mutoto na miguu mbili. Miguu mbili njo hii narudisha. Hesabu."

"Nauliza soksi."

"Uliza miguu, itakujibu."

Na Keza katikati, begi mgongoni, akitazama mbele kama askari anayengoja wa zamu nyingine aje.

Jumapili moja Verediane hakupaza sauti. Hapo ndipo niliogopa. Alinisogelea, akanisalimia kwa heshima kama zamani, akasema, "Papa, mi siko na shida na we. Muhula mupya ukianza nahamia Rusizi kwa dada yangu. Bukavu iko pale karibu, biashara iko. Mahakama nitaielezea. Nimechoka kupigana mu barabara na mutoto anaangalia."

Rusizi iko mwisho kabisa wa ziwa letu, upande wa kusini. Ukipanda basi hapa asubuhi, unashuka kule mgongo ukiwa si wako tena. Hakuna mtoto atakayepelekwa na kurudishwa kila wiki kwa njia ile. Keza ningemwona Krismasi, na kila Krismasi angekuwa amenisahau kidogo zaidi. Nilirudi nyumbani nikagonga mlango wa chumba cha mbele.

"Programu yako imeiva?"

"Bado mbichi, Muzehe."

"Ilete hivyohivyo."

Akawawekea Gentil na Verediane kwenye simu zao. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuandikiana. Nilidhani ni nzuri, kwa sababu mwanangu si msemaji. Ukimuuliza habari za asubuhi anajibu mchana. Kumbe maneno yote aliyoyanyima mdomo alikuwa ameyaweka akiba kwenye vidole. Aliandika kurasa. Verediane alijibu kwa sauti, na sauti yake ilisikika hata simu ikiwa mfukoni. Umwali akaifuta sehemu hiyo yote, kazi ya miezi, bila hata kuguna. Akaweka vitufe badala yake: Niko njiani. Nimefika. Nimechelewa. Maneno hakuna kabisa.

Nani angedhani mtu anaweza kutukana kwa kitufe? Verediane alibonyeza Nimefika kabla jogoo hajawika, ili ionekane mwenzake ndiye mchelewaji. Gentil naye akabonyeza Nimechelewa mfululizo, akiwa amesimama palepale dukani, mbele ya macho ya Verediane.

"Kwa nini unajitesa na watu hawa?" nilimuuliza Umwali. "Tengeneza programu ya kuuza viazi. Viazi havijibizani."

Alijimiminia chai. "Mimi nilikuwa hiyo programu, Muzehe. Mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile. Nilikuwa nikitoka kwa mama Mbarara nimebeba maneno, nayachuja njiani ndani ya basi, mabaya nayameza, mazuri nayatunga mwenyewe maana hayakuwepo. Nilikuwa mdogo kama Keza. Nataka simu imeze yale niliyomeza mimi."

Tangu siku ile sikumdai tena anipishe chumbani nisikilize taarifa kwenye redio yangu iliyobaki humo.

Sasa, kuna jambo sijalieleza. Tangu waachane, sikuacha kumpelekea Verediane bakuli la maharage na viazi vya Bugeshi, kule chini ya mlima. Keza akienda kwa mama, bakuli linaenda naye. Akirudi, linarudi naye. Jumapili ya vita vya vitufe lilirudi limejaa sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, zimefunikwa kwa jani la mgomba, bado za moto. Nilimwita Umwali tule.

"Zimetoka wapi?"

"Kwa Verediane."

"Huyu huyu aliyemwita Gentil chuma cha kutu leo asubuhi?"

"Huyo huyo."

"Na akakaa jikoni akakaanga."

"Sasa angefanyaje? Nani anarudisha bakuli la watu tupu?"

Akaacha kutafuna. Akanawa mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Zile sambaza nyingine nilizimaliza mimi, na ninahesabu huo kuwa mchango wangu katika teknolojia.

Alipotoka alikuwa na kikapu. Kilichorwa kwenye kioo cha simu, na kifuniko chake chenye ncha kama vile vya kwetu vya kupelekea wazazi wa bibi harusi. Kazi yake ni hii. Anayemkabidhi mtoto Jumapili anamkabidhi pamoja na kikapu, na ndani lazima kuwe na kitu kimoja cha wiki hiyo kinachomhusu mtoto: picha, sauti, au maneno machache. Huwezi kujibu kikapu. Unakipokea, unakifungua, na zamu yako ikifika unajaza cha kwako. Kikiwa kitupu, programu haikubali kwamba mtoto amekabidhiwa.

"Na mtu akijaza matusi?" niliuliza, maana nawajua watu wangu.

"Ajaze. Ila vikapu vyote ni vya Keza. Akiwa mtu mzima vitafunguka kwake, kimoja kimoja, kila kimoja na jina la aliyekijaza."

Nilimtazama msichana yule, bado ana mafuta ya sambaza kwenye mkono wa sweta. Nimekutana na mahakimu, mapadri na mameneja wa kampuni za malori. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa upole namna ile.

Verediane alikielewa kikapu mara moja. Alituma sauti ya Keza akigombania bei ya nyanya na mama mmoja, anapunguza kidogo, anasikitika, anapunguza tena, kama mtu mzima kabisa. Tatizo likawa Gentil. Kikapu chake cha kwanza kilikuwa picha ya kiatu, na chini yake neno moja: Kiatu. Cha pili kilisema: Amekula.

"Hii ni kikapu ao ni risiti?" Verediane aliniuliza nje ya kanisa.

Muhula ulikuwa unakaribia. Nikaona nimsaidie mwanangu. Gentil akiwa ndani ya miwani yake ya kuchomelea, simu ikiwa juu ya meza, niliiazima bila kumsumbua. Nikajaza kikapu mpaka juu. Niliandika kwamba tulikwenda Bugeshi, Keza akamkimbiza beberu hadi kwenye ukingo wa msitu chini ya mlima, akarudi amempanda mgongoni, na wachungaji wakasimama wakavua kofia mithili ya watu waliomwona gavana. Nilisoma tena, nikaridhika.

Wiki ya mama ikaisha, Keza akarudi kwa baba, na Jumatatu Verediane alikuwa getini kwangu.

"Papa, hii kikapu ni yako."

"Umejuaje?"

"Gentil hajasemaka 'mithili' tangu azaliwe." Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. "Unajua inanionyesha nini? Mutoto iko naye wiki muzima, na yeye hana kitu ya kuniambia. Mupaka baba yake amutungie. Donc hata nikimupeleka Rusizi, hatapoteza kitu. Jumapili ikipita, naenda. Gari ya kubeba vitu nimeshaongea."

Nilimpelekea Umwali habari hizo nikitegemea anifukuze kwenye chumba changu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake hakuwasha kompyuta. Alikwenda karakana ya Gentil, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakaa hapo asubuhi nzima akimtazama anavyofanya kazi. Kuhusu programu hakuuliza neno. Aliporudi nywele zake zilinuka moshi wa chuma.

"Muzehe, mwanao anaongea sana."

"Gentil yupi?"

"Huyo wako. Akikaa ananyamaza. Akishika tupa anasugua bawaba, anaongea na bawaba. Ameiambia habari za mvua, habari za mteja, habari za Keza. Sasa mimi nilikuwa namwambia aache kazi, avue glavu, akae, aandike. Nilimtengenezea programu ya mtu mwingine."

Akaingia ndani. Sikusikia kitu ila vidole. Alichokitoa safari hii kilikuwa kitufe kimoja tu, kikubwa kama sahani ya chai, kinachojaa kioo chote. Unakigusa, hata kwa kiwiko, na simu inasikiliza. Unaendelea na kazi yako. Ukikigusa tena, umejaza kikapu. Alikwenda akaiegemeza simu ya Gentil kwenye jiwe la kunolea, akamwonyesha mara moja, akaondoka ili Gentil asimwonee haya.

Jumapili makabidhiano yalipita kimya. Jumatatu Verediane alivuka mpaka na nyanya zake kama kawaida. Kabla ya saa sita alikuwa kwangu tena, vumbi miguuni, simu mkononi, na beseni la nyanya kichwani halijapungua.

"Papa, sikiliza hii."

Kwanza ulisikika mkwaruzo wa tupa juu ya chuma. Kisha sauti ya mwanangu, ileile ya kuzungumza na bawaba.

"Verediane. Keza anaandika kwa mkono wa kushoto. Kama wewe." Tupa. "Mwalimu alikuwa anaufunga kwa kitambaa ili ajifunze wa kulia. Keza hakusema, niliona alama." Tupa tena, ndefu. "Jumatano nilifunga karakana nikaenda shule. Nilimwambia mwalimu huo mkono usiguswe. Nilikaa nyuma ya darasa mpaka akaufungua." Tupa fupi. "Anaandika K vizuri. Mguu wake unakwenda mbali kidogo. Basi."

Verediane alishusha beseni chini, kwa mkono huohuo wa kushoto.

"Mi walinipiga hii mukono mupaka nikaacha masomo," alisema. "Hiyo sikumuambiaka Gentil. Miaka yote ya ndoa sikumuambiaka mutu." Akanikazia macho. "Sasa Papa, leo usinitungie. Nani alienda kwa mwalimu? We ao yeye?"

Mdomoni nilikuwa na majibu mazuri zaidi ya ukweli, na katika yote nilikuwepo mimi, nimeshika fimbo, na mwalimu amejificha nyuma ya ubao.

"Yeye," nikasema.

"Peke yake?"

"Peke yake. Mimi nimesikia sasa hivi, pamoja na wewe."

Akakaa kwenye ngazi yangu. Alikaa kiasi cha kunifanya nitamani kusema kitu, nikajizuia, na kwangu hiyo si kazi ndogo. Kisha akampigia dada yake simu palepale.

"Dada, usiningojee. Hapana, siko mugonjwa." Akasikiliza. "Kule nitaanza upya na mwalimu mwingine, kumuelezea mukono. Huku iko mwenye ameshaelezwa. Bon. Na iko mutu wa kwenda kumukumbusha."

Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Umwali alikuwa amesikia yote. Ukuta wangu ni mwembamba, nilimpunguzia kodi kwa sababu hiyo. Nilidhani atamkumbatia Verediane, au atalia, au angalau atataka kusifiwa. Nilikuwa na sifa tayari.

"Mama Keza," alisema, "ulipofungua kikapu ulikuwa mpakani, juani?"

"Juani kabisa."

"Kile kifuniko ulikiona vizuri?"

Verediane alifikiri. "Si vizuri. Niliweka kitambaa juu ya kichwa njo nikaona."

"Nilijua," akasema Umwali, akarudi ndani kuikoleza rangi ya kifuniko.