Kichwa Kilichofungwa Kilemba

Kichwa ndicho kilichokaa kiti cha mbele, tena kimefungwa mkanda, na Divine akabanwa nyuma pamoja na mabegi. Kilikuwa kichwa cha mpira mweusi. Hakina macho, hakina mdomo, lakini kwa masikio kilijaliwa: masikio kamili, yenye mikunjo yote ya binadamu, na ndani ya kila sikio maiki ndogo. Anifa, fundi wa sauti aliyekuja nacho kutoka Dar es Salaam, alikiita Haidari, na alikitunza kuliko watu wengine wanavyotunza wachumba wao.

"Maiki ya kawaida inakuambia nini kimesikika," Anifa alisema huku akiendesha, vilima vya Kasulu vikibaki nyuma. "Haidari anakuambia kimesikika wapi. Mtu akipita nyuma yake, wewe uliyevaa hedifoni unageuka kumtafuta."

Divine hakuhitaji mahubiri. Jana yake Anifa alikuwa amemvisha hedifoni, akatikisa kiberiti kukizunguka kile kichwa, na Divine akageukageuka kama kuku aliyesikia mwewe. Alicheka hadi machozi. Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu alikuwa amewakumbuka bibi zake wawili, na tangu dakika hiyo moyo wake haukutulia.

Anifa alikuwa akikusanya sauti kwa ajili ya maonyesho: mvua kwenye migomba, kwaya, soko. Divine, mtangazaji wa redio ndogo ya Kasulu, alikuwa mwenyeji wake. Ila safari hii ya Busunzu ilikuwa ya Divine mwenyewe, na aliiomba kwa kubembeleza kweli kweli.

Jambo lenyewe lilianzia Krismasi iliyopita. Bibi yake, Immakulata, anaishi Busunzu. Mdogo wake Bibi, Veronica, ambaye Divine humwita Bibi Mdogo, alivunjika nyonga akahamia kwa mwanawe kule Kabanga, karibu na hospitali. Hawa wawili, tangu walipovuka kutoka Burundi wakiwa vijana, hawajawahi kukutana bila kuimbiana akazehe. Hiyo ni salamu ya wanawake, ya kusimama na kukumbatiana. Mmoja anaongoza, mwingine anadakia katikati, haraka haraka, hadi asiyewajua hawezi kusema sauti ipi ni ya nani. Bibi akipanda gari hutapika mpaka watu wanamwogopa, na Bibi Mdogo hatembei. Basi Divine, kwa wema wake wote, akawaunganisha kwa simu.

Simu ilichelewesha sauti kidogo tu. Anayeuliza bei ya maharage hata asingegundua. Lakini kwa akazehe kidogo hicho kilikuwa balaa, maana Veronica alidakia pale alipoona pako sawa, na huku Busunzu sauti yake ikafika juu ya maneno ya dada yake. Wakagongana. Wakaanza upya, wakagongana tena. Kila mmoja akaamini mwenzake anamkatiza makusudi. Bibi alikata simu, na tangu siku hiyo jina la Veronica likitajwa hujibiwa kwa kikohozi.

"Ni mtandao, Bibi," Divine alijaribu.

"Mtandao una mdomo?" Bibi aliuliza, na mjadala ukafungwa.

Haidari angerudi Dar Jumatatu. Kabla ya hapo Divine alitaka jambo moja tu: salamu ile ikae sawa tena, kila sauti mahali pake, ili wazee wale waache ununaji ambao yeye ndiye aliyewaletea kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi aliwapokea uwanjani, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Anifa.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Na huyu mliyembeba?"

"Huyu ni Haidari," Anifa akajibu kwa fahari. "Ndiye utakayemwimbia."

Divine alifumba macho. Alisahau kumwonya.

"Oya, hapana!" Bibi alirudi nyuma. "Akazehe niimbe na mwanamume? Wanaume tunawapa mkono, basi." Alikitazama kichwa juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu. "Tena huyu hata huo mkono hana."

Akageuka kurudi jikoni. Divine akamfuata mbio, akamshika kanga. "Bibi, hana jina. Huyo dada anatania tu. Tumemleta akae mahali pa Bibi Mdogo."

Bibi akakohoa kile kikohozi. Divine hakumwachia kanga. Walisimama hivyo mlangoni, mbuzi wakiwaangalia, hadi Bibi akaguna na kuingia chumbani. Alipotoka alikuwa na kilemba cha kitenge, cha kijani chenye maua ya njano, kimekunjwa vizuri na kinanukia sabuni. Divine alikijua. Bibi Mdogo alikisahau pale mwaka juzi, na baada ya ile simu Bibi aliapa mbele ya watu kwamba amekitandikia mbuzi wakazalia juu yake.

Hakuna aliyethubutu kuuliza habari za mbuzi. Bibi alikifunga kile kilemba kichwani pa mgeni, fundo kisogoni, Anifa akimsihi ayaache masikio wazi.

"Mteremsheni," Bibi aliamuru. "Veronica ni mfupi."

Anifa akateremsha mguu wa chuma uliokibeba kichwa.

"Bado. Bado. Hapo! Hapo ndipo bega langu linapomfikia."

Anifa alivaa hedifoni, akawasha rekoda, akainua kidole gumba. Bibi akaanza, akaimba maneno machache, akanyamaza. Akangoja. Kichwa cha mpira kikamtazama bila macho.

"Hajibu," alisema. Uso ulikuwa umeshaanza kukunjamana. "Ni kama kwenye simu tu. Naimba, halafu naonekana mjinga."

Divine aliona jambo zima linamponyoka. "Atajibu kesho, Bibi! Naenda naye Kabanga kesho. Wewe mwachie nafasi zake tu."

"Nitazipima vipi nafasi za mtu asiyekuwepo?"

Hapo Divine akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Tangu akiwa mgongoni kwa Bibi aliisikia salamu ile, na alijua kila mahali Bibi Mdogo anapoingia, ingawa hakuthubutu hata siku moja kufungua kinywa. Akaenda kusimama nyuma ya kichwa. "Angalia midomo yangu," alisema. "Sitatoa sauti. Nikimaliza, endelea."

Bibi, bila kuambiwa na mtu, akarudi hadi mlango wa jikoni, akaufungua na kuufunga kama anayetoka ndani na kumwona mgeni wake kwa mbali. Akaanza kuimba kutoka hukohuko.

Ee, alikuja! Alikuja akiimba, miguu ikisugua udongo, bangili zikigongana, na kila alipoacha nafasi Divine alijibu kwa midomo mitupu, ego, ego, mwene mama, yaani ndiyo, ndiyo, ndugu yangu, na Bibi akapokea palepale na kusonga. Aliuliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, za nyonga. Akafika. Akakishika kichwa mabegani, yaani pale ambapo mabega yangekuwa, akaimba kwenye sikio la kulia karibu kabisa, akahamia la kushoto. Divine alisisimka mwili mzima. Alitamani kupiga kelele na hakuweza, kwa hiyo aliruka kimyakimya, visigino tu.

Anifa alikuwa amesimama mbali, karibu na migomba, mgongo umewaelekea. Bibi alipokumbatia sikio la kulia, Anifa aliinamisha kichwa kulia. Alipohamia kushoto, naye akahamia. Wimbo ulipokwisha alivua hedifoni na kugeuka, macho yamelowa.

"Divine, nimekumbatiwa," alisema. "Nimesimama huku peke yangu na nimekumbatiwa! Nimehisi hadi pumzi."

"Unga umemwingia sikioni huyo," Bibi alisema. "Mfuteni."

Asubuhi yake walikuwa Kabanga. Makarius, mwanawe Veronica, aliwaingiza sebuleni na kuwanong'oneza kwamba mama yuko vibaya, si kwa ugonjwa bali kwa hasira. Bibi Mdogo alikuwa amekaa kitini. Kile chuma cha kutembelea, ambacho daktari alimtaka asimame nacho kila siku, yeye alikipa kazi ya kuanikia kanga.

"Marahaba," aliwajibu kabla hawajamaliza kusalimia. "Kama mmeniletea wimbo wa dada yangu, nimeshausikia. Ulinikanyaga kuanzia mwanzo hadi mwisho."

"Sikiliza kuku tu, Bibi Mdogo," Divine alisema. "Kuku wa Busunzu."

Kwa kuku, Bibi Mdogo alikubali. Divine alimvisha hedifoni juu ya kilemba, naye akachukua hedifoni ya pili aliyopewa na Anifa. Sauti ikaanza. Jogoo nyuma kushoto. Jembe la mtu shambani, mbali. Bibi Mdogo aligeuka kumtazama jogoo na kukutana na kabati. Kisha mlango ukalia.

"Mlango wa jikoni!" alisema. "Mpaka leo hajautia mafuta!"

Immakulata akaanza kuimba. Nafasi ya kwanza ikaja, ikapita tupu. Bibi Mdogo alikuwa amekunja uso. Nyingine ikapita tupu. Divine alikuwa ameshika ukingo wa meza, midomo yake inajibu bila sauti, na moyoni anaomba: ingia, ingia, Bibi Mdogo, pako wazi!

"Ego," alisema Bibi Mdogo, taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole.

Dada yake hakumgonga. Alipokea palepale na kuendelea. Nafasi iliyofuata Bibi Mdogo aliingia kwa sauti, na iliyofuata kwa kifua chote, na ndani ya hedifoni ya Divine sauti mbili zilisukana, moja ya jana na moja ya leo, hazikanyagani popote. Kwa furaha Divine alimkumbatia Anifa, akamkanyaga, akamwomba radhi kwa mikono. Makarius, asiyesikia chochote ila mama yake akiliitikia kabati, alionekana kama anawaza kumwongezea dozi ya dawa.

"Sogea, Divine!" Bibi Mdogo alifoka katikati ya wimbo. "Unamzibia dada njia!"

Divine akaruka pembeni.

"Anakuja. Makarius, chuma changu! Nimsalimie mkubwa wangu nimekaa?"

Kanga zikatupwa sakafuni. Makarius alimshika upande huu, Anifa upande ule, na Bibi Mdogo akainuka, akitetemeka, akiimba. Alisimama. Immakulata alipofika kwenye sikio la kulia, aliegemeza shavu lake kulia, na kwenye la kushoto akaliegemeza kushoto, macho amefumba. Divine alilia waziwazi, wala hakujificha.

Wimbo uliisha. Bibi Mdogo alishusha hedifoni shingoni.

"Ameniachia nafasi zote," alisema. "Hata moja hajaikanyaga. Sasa siku ile?"

"Ilikuwa simu, Bibi Mdogo. Ilikuwa inachelewesha sauti, yako kwake na yake kwako."

Alifikiri. "Mana yanje, Mungu wangu. Kumbe miezi yote hii nimenuniana na simu."

Makarius alicheka kwa nguvu, kisha akakimbilia gari, maana mama yake alitaka kuona ni nani aliyekumbatiwa kwa niaba yake. Alirudi amekibeba kichwa. Bibi Mdogo alikiona kilemba cha kijani na kinywa kikabaki wazi.

"Si aliniambia amewapa mbuzi?"

"Alisema hivyo," Divine alijibu.

Bibi Mdogo alikigusa kitenge, akanusa sabuni. Kisha, bado amesimama na chuma chake, akakifungua na kujifunga mwenyewe. Kile alichokuwa amekivaa akakifunga kwenye kichwa cha mpira, fundo kubwa mbele, kwa maringo, kama afungavyo Immakulata. Anifa alikuwa ameshakitega kichwa mbele yake na kuwasha rekoda bila kuuliza.

Bibi Mdogo alikipima kwa macho, akatikisa kichwa.

"Mpandisheni," alisema. "Dada yangu ni mrefu."