Gari Linalomgongea Mama Mkwe

Kila tulipompeleka mama mkwe kliniki, gari letu liligonga upande wa nyuma, ngo, ngo, ngo, kama mtu anabisha hodi. Akishuka, kimya.

Mume wangu, ambaye hajawahi kufungua kifuniko cha rejeta bila kuungua, akatangaza kuwa ni shokapu. Akabadilisha shokapu, gari likagonga. Shemeji naye akalala chini ya gari asubuhi nzima, akatoka na grisi mpaka masikioni, akasema ni bushi. Wakabadilisha bushi, gari likagonga vilevile, na wao wakasimama pembeni wakitikisa vichwa kama madaktari bingwa.

Jana nilikataa kwenda nao kliniki. Nilibaki getini nikilitazama gari likiondoka, nikaona mkanda wa kiti cha nyuma umebanwa na mlango. Kile chuma chake cha kuchomekea kilikuwa kinaning'inia nje, na gari lilipopita kwenye tuta kikapiga bodi: ngo. Mama mkwe hafungi mkanda. Anasema unamkunjia nguo, kwa hiyo huusukumia mlangoni. Akishuka, mkanda hujirudisha ndani.

Nikawasimamisha, nikamwita mume wangu aje aone.

Akautazama ule mkanda. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameketi ametulia, anasubiri kuendeshwa. Kisha akanivuta kando, akaninong'oneza:

"Nafikiri ni springi."