Biwi la Mwasiti

Athumani alikuja na mwenge mkononi, askari wawili nyuma yake, na Mwasiti akalijua lililomleta kabla hajafungua kinywa. Tangu asubuhi moshi ulikuwa ukipanda kando ya ziwa. Daktari Mdachi wa boma alikuwa ameamuru vichaka vyote vilivyo karibu na maji vifyekwe na kuchomwa, ili mbung'o waletao malale wakose kivuli. Athumani, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye aliyefanywa nyapara wa kazi hiyo hapa Rumonge.

"Shemeji, sogea," alisema. "Takataka hizo zinaondoka leo."

Alichokiita takataka kilikuwa biwi la uyoga. Mwasiti alilipanga mwenyewe nyuma ya jiko: mikungu ya michikichi iliyokwisha kuambuliwa matunda, tabaka juu ya tabaka, ikalowanishwa na kufunikwa majani ya migomba mpaka ikapata joto la ndani. Kati ya tabaka alipandikiza makonzi ya biwi la zamani, yenye nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nyuzi hizo ndizo mbegu. Mama yake alimpa kapu zima siku ya harusi, kama bibi alivyompa mama. Katika ukoo wao mwali hakuingia kwa mumewe bila kapu hilo. Na Riziki, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Magara Ijumaa ile.

"Amri inasema vichaka," Mwasiti alisema. "Hiki ni kichaka?"

"Amri inasema ninavyosema mimi."

"Juzi ulikula uyoga huu mpaka ukalamba bakuli. Mbung'o hakukuuma ulimi?"

Askari mmoja aliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Mwasiti. Athumani aliamuru biwi lichanguliwe kwa majembe na kutupwa juu ya vichaka vilivyokuwa vikiwaka. Mwasiti aliingiza mikono motoni. Riziki alipofanikiwa kumvuta, mama yake alikuwa ameambulia malengelenge na jivu.

"Mama, nitaolewa bila kapu," Riziki alisema. "Si neno."

"Ni neno."

Alikwenda kwa jirani mmoja kuomba mbegu, akaenda kwa mwingine. Mabiwi yote yaliyozaliwa na lake yalikuwa yameteketezwa. Ndipo akamkumbuka Kadidja, mke wa Athumani, ambaye zamani yeye Mwasiti alimgawia mbegu kwa mkono wake mwenyewe. Akachukua kapu.

Nyumba ya Athumani ilikuwa karibu na maji kuliko yake. Nyuma yake vichaka vilisimama vyote, havijaguswa na panga, na chini ya migomba biwi lilikuwa limestawi, vichwa vya uyoga vikichungulia kama mayai ya njiwa. Mwasiti alilitazama, kisha akaitazama mikono yake iliyoungua. Alipiga magoti, akaanza kuchimba. Kadidja alitokea mlangoni, akaona ile mikono, akainama kumsaidia bila kuuliza.

Athumani aliwakuta hivyo.

"Shemeji, huo ni wizi."

"Waite askari wako," Mwasiti alisema pasipo kugeuka. "Waje na mwenge. Wakifika, nitawaonyesha maji yalipo na nyumba ya nyapara ilipo."

Athumani alitazama vichaka vyake. Hakumwita mtu.

Ijumaa, wakati wa kumtoa mwali ulipofika, Athumani alijitokeza amevaa koti la khaki alilopewa bomani. Desturi ilitaka kapu libebwe na baba mdogo. Mwasiti, viganja vikiwa vimefungwa vitambaa, alilinyanyua kwa vifundo vya mikono, likiwa limeloweshwa mpaka linavuja, akamtwika kichwani.

"Shemeji, lingechujwa kwanza," Athumani alinong'ona.

"Likikauka linakufa. Tembea."

Akatembea njia nzima ya Magara mbele ya wanawake wanaoimba, maji meusi ya biwi yakimtiririka usoni na kulichafua koti. Alipoomba kulishusha apumzike, Mwasiti alianzisha wimbo mwingine.