Robo ya Kuonana

Usiku wa kuamkia leo niliota ninasutwa na chewa. Si chewa wa sokoni. Ni huyu wa kwenye kadi niliyomnunulia Shangazi Mwanaheri, samaki aliyepigwa picha huko huko chini ya maji, midomo minene, uso wa karani aliyekatizwa chai.

Shangazi ndiye aliyenilea. Amepigwa na kiharusi, mwezi wa nne huu yuko kitandani, hapo Ngamiani tu, na mimi sijakanyaga. Nikichelewa naona haya, nikiona haya nachelewa. Nikaona bora kadi.

Chewa anaifungua kadi kwa ndani, anachungulia.

"Humu hujaandika kitu."

"Wameshachapa 'Ugua pole'," nasema.

"Hayo ya kiwandani. Wewe je?"

Nikamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba barua ni nusu ya kuonana.

"Barua, ndiyo," anasema. "Kadi tupu ni robo. Chagua robo yako iende."

Hilo halikunishangaza. Kilichoniudhi ni foleni. Meza yangu ya chakula imeshakuwa kaunta ya posta, na nyuma yangu wamejipanga samaki wengine wote wa kwenye picha, mmoja ananisukuma kwa pezi na hata samahani hasemi. Nikachagua harakaharaka: sikio la kushoto na mkono wa upande huo. Chewa akavigonga muhuri.

Sasa niko chumbani kwa Shangazi, sikio na mkono juu ya shuka. Kuona sioni, ila namsikia anavyohema. Hashtuki hata kidogo. Anaushika mkono, anaupapasa kucha moja moja.

"Umekonda," anauambia.

Kisha analiinamia sikio. Maneno yanamtoka kwa shida.

"Nilikukosea nini, mwanangu?"

Hukunikosea kitu, Shangazi. Ndivyo nilivyotaka kusema, lakini mdomo uko kwangu Chumbageni, umelala. Nikataka kulia, macho nayo yako huko huko. Nikabaki kumminya vidole, na yeye anangoja jibu. Uchungu, huo haukuja robo. Nilijichukia.

Simu ikaniamsha asubuhi. Ujumbe wa Saumu, binti wa Shangazi anayemuuguza:

"Dada, Mama tangu alfajiri anakutaja. Kaniambia nikuandikie hivi hivi, mimi mwenyewe sielewi: mkono ameupata, sasa umletee na mdomo."